Kusinga, mpapaso wa mafuta au mpapaso wa limfu: mkono upi unaifaa ngozi yako?

Ukiingia saluni ya urembo Mji Mkongwe, Unguja, au ukimwita mpambaji nyumbani kwenu Wete, Pemba, kwa ajili ya harusi, utaulizwa unataka ufanyiwe nini, na hapo wengi hukwama. Kuna kusinga, yaani kusugua ngozi kwa singo (mchanganyiko wa maua yenye harufu) au kwa liwa (mti wenye harufu nzuri uliosagwa). Kuna masaji ya uso na mwili kwa mafuta, ile ya viganja vinavyoteleza polepole. Na siku hizi kuna huduma ya tatu, mpapaso wa limfu wa kupunguza uvimbe wa uso, ambayo mkono wake ni mwepesi hata mteja hujiuliza kama kuna lolote anafanyiwa. Zote tatu ni kazi ya mkono laini, na zote hunadiwa kwa maneno yale yale ya ngozi laini inayong'aa. Lakini kila moja ina kazi yake, na usiyoihitaji inaweza kukuharibia uso wiki ile ile ya harusi.

Ulinganisho huu ni wa anayetaka kujua kabla ya kulipa. Kuchua hakumo. Mguu ulioteguka na mgongo uliokaza vina mchuaji wake, mwenye nguvu na ujuzi wa viungo.

Tulinganishe kwa lipi

Kwanza, uzito wa mkono na mwendo wake. Hapa ndipo zilipo tofauti kubwa, kuliko hata kwenye mafuta au maua. Wengi kwetu wanaamini masaji isiyouma haijafanya kazi, na wapo wapambaji wanaousugua uso wa mtu kama sufuria lenye ukoko. Ngozi ya uso ni nyembamba. Tena ngozi yetu nyeusi ina tabia yake: ikikwaruzwa au ikiungua, pahala palipoumia hutoa rangi zaidi, na doa jeusi hubaki wiki kadhaa, pengine miezi, baada ya kidonda kupona. Mteja akija kulalamika madoa, mara nyingi huuziwa skrabu nyingine, na madoa yakazidi.

Pili, kinachowekwa baina ya kiganja na ngozi: unga, rojo, mafuta, au hakuna kitu. Tatu, matokeo ya kweli na muda yanaodumu. Nne, nani asifanyiwe kabisa. Mwisho, muda unaohitajika na kama unaweza kujifanyia mwenyewe nyumbani.

Jambo moja nimeliweka nje ya vigezo kwa sababu halitofautishi chochote. Hakuna hata moja kati ya hizi inayotoa sumu mwilini. Kazi hiyo ni ya ini na figo. Hakuna inayobadilisha rangi uliyozaliwa nayo. Hakuna inayofuta makunyanzi yakaondoka moja kwa moja. Anayekuahidi kukufanya mweupe kwa masaji, muulize ndani ya kikopo chake mna nini.

Kusinga kwa singo au liwa

Hii ndiyo ya kwetu. Singo hutengenezwa kwa maua na majani yenye harufu, yakiwemo langilangi, asumini, mawaridi na mrehani, yakachanganywa na liwa na kulainishwa kwa marashi ya mawaridi. Kila nyumba ina mchanganyiko wake na kila somo, yaani mwanamke anayemfunda bibi harusi, anaapa kwa wake. Liwa peke yake husagwa juu ya jiwe kwa maji kidogo mpaka iwe rojo laini, kisha hupakwa usoni. Pemba, ambako karafuu nyingi za Zanzibar ndiko zinakotoka, karafuu huingia pia kwenye vitu vya kusingia.

Mkono wa kusinga hauhitaji nguvu, kwa sababu chembe ndizo zinazofanya kazi na kiganja kinazibeba tu. Viduara vidogo vidogo, kuanzia miguuni kupanda juu, viwiko na magoti vikipewa muda zaidi. Anayekusinga vizuri huongeza marashi kila rojo linapoanza kukauka, maana singo kavu hukwaruza. Ukisikia ngozi inachomachoma, sema hapo hapo. Usimstahi mtu kwa gharama ya ngozi yako, hata akiwa ni somo wa mama yako.

Karafuu inataka tahadhari ya peke yake. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni kemikali iitwayo yujenoli, ile inayotia ganzi jino linapouma, na hiyo hiyo huichoma ngozi ikiwa kali. Mafuta ya makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, kama yanayokamuliwa kwenye kiwanda cha Wawi karibu na Chake Chake, nayo yana yujenoli nyingi. Wataalamu wa mafuta ya harufu hushauri yasizidi asilimia 0.5 kwenye kitu cha kupakwa ngozini, yaani kama matone 3 kwenye mililita 30 za mafuta ya kawaida. Mpambaji anayemimina kwa kukisia, mkataze. Usoni, mimi singeyatia kabisa.

Matokeo ya kusinga huonekana papo hapo: ngozi iliyokufa inatoka, mafuta utakayopaka baadaye yanaenea sawasawa, na harufu inakaa mwilini mpaka kesho yake. Hapa hakuna huduma ya kigeni inayoikaribia singo. Ulaini hudumu siku chache. Ngozi hujibadilisha yenyewe kwa muda wa wiki 4 hivi kwa kijana, na kwa mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi, kwa hiyo kusinga kila siku hakuiharakishi, kunaichuna tu. Mwili mara moja kwa wiki unatosha. Uso ni liwa laini tu, na si zaidi ya hapo.

Asisingwe mwenye chunusi zenye usaha, mwenye harara, ukurutu au fangasi, aliyenyolewa kwa nta au uzi siku ile au jana yake, na aliyeungua jua. Asisingwe pia aliyekuwa akitumia mkorogo. Krimu zenye steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba na rahisi kuchubuka, na zile zenye zebaki au haidrokwinoni zina madhara yake mengine. Ngozi hiyo inahitaji daktari wa ngozi kabla ya mpambaji. Na kama piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea mwili, lilikuletea malengelenge, pahala pale pasiguswe na kitu chochote chenye chembe.

Mwili mzima huchukua kama saa nzima, na nyumbani inawezekana vizuri mkiwa wawili. Singo mbichi itengenezwe siku ile ile, kwani maua yaliyolowa huoza haraka kwenye joto letu. Halafu utaratibu wa harusi: kusinga kuje kabla ya hina. Ukisinga baada ya hina unaikwangua rangi uliyoilalia usiku mzima, na ukipaka mafuta kabla yake bila kuyaosha, rangi haishiki.

Mpapaso mrefu wa mafuta

Katika mafunzo ya masaji huu huitwa efluraji. Jina ni la Kifaransa, na daktari wa Uholanzi Johann Georg Mezger wa karne ya 19 ndiye anayehusishwa na mpangilio wa majina ya Kifaransa ya mikono ya masaji. Viganja vyote viwili vinalala juu ya ngozi na kuteleza kwa mstari mrefu bila kuinuka. Mikononi na miguuni vinapanda kuelekea moyoni kwa uzito kidogo, kisha vinarudi kwa wepesi. Usoni vinatoka kidevuni kwenda sikioni, puani kwenda pembeni mwa paji la uso, katikati ya paji la uso kwenda nje, na vinamalizia kwa kushuka pembeni mwa shingo.

Mwendo wake una siri, na sayansi imeupima. Ngozi yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu myembamba inayoitikia zaidi mpapaso wa polepole, wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Utafiti uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba mwendo ule unaoiamsha mishipa hiyo zaidi ndio huo huo watu walioutaja kuwa unapendeza zaidi. Mkono ukienda mbio raha inapungua, na ukienda polepole mno raha inapungua vilevile. Kwa kipimo cha nyumbani: kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko ni kama sentimita 25, basi mkono uchukue sekunde 5 au zaidi kuimaliza safari hiyo. Mpambaji anayetazama simu au anayemfikiria mteja wa pili anayesubiri hawezi mwendo huu, na mteja huujua mkono wa haraka hata akiwa amefumba macho.

Kwenye mafuta ndipo wengi hukosea. Mafuta ya nazi ni mazuri sana kwa mwili, na kwa kuwa huyeyuka kwenye joto la kama nyuzi 24, huku kwetu huwa tayari majimaji karibu mwaka mzima. Lakini usoni huziba vinyweleo vya watu wengi, khasa wenye chunusi. Kwa uso chagua mafuta mepesi kama ya alizeti au jojoba, kidogo tu, yaoshwe baada ya masaji. Wakati wa kaskazi, joto na jasho vinapozidi, hata mwilini mafuta mazito chini ya nguo za kujistiri huleta harara. Wakati wa kusi, upepo unapoikausha ngozi, mafuta yale yale huwa tiba.

Faida yake ni utulivu, misuli ya taya na paji la uso kulegea, ngozi kavu kulainika, na wekundu au mng'ao wa damu kupita karibu na ngozi kwa muda mfupi. Ule mng'ao huondoka baada ya muda mfupi. Utulivu hukaa zaidi, na kwa bibi harusi aliyekaa siku tatu hajalala vizuri, naona huo ndio wenye thamani kuliko mng'ao. Madoa hauyaondoi, ngozi iliyokufa hauitoi.

Asifanyiwe mwenye chunusi zilizovimba usoni, malengelenge ya mdomo, homa, au jeraha bichi. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma, usipapaswe wala kukandwa: huenda damu imeganda ndani, na hiyo ni safari ya hospitali siku ile ile. Mjamzito anaweza kupapaswa uso na mikono kwa mafuta yasiyo na harufu kali, na mimba ikishakuwa kubwa alale ubavu, asilale chali.

Uso ni dakika 10 hadi 15. Kujifanyia mwenyewe kunafaa, ingawa raha ya mkono wa mwingine haipatikani.

Mpapaso wa limfu

Hii ndiyo ngeni zaidi masikioni, ingawa ina umri. Wanandoa wa Denmark, Emil na Estrid Vodder, waliianzisha miaka ya 1930 walipokuwa wakifanya kazi Cannes, Ufaransa, na wakaitangaza Paris mwaka 1936.

Limfu ni maji yanayobaki baina ya seli na kurudishwa kwenye damu kwa mishipa yake yenyewe. Haina moyo wa kuisukuma. Hutegemea misuli, pumzi na mijongeo ya mwili. Vijishipa vyake vya mwanzo viko juu juu, ndani ya ngozi, kwa hiyo mkono unatakiwa kuivuta ngozi tu bila kubonyeza nyama iliyo chini. Ukibonyeza kwa nguvu, umeshapita pale ulipotaka kufika. Kila mvuto ni wa polepole, unaachiwa, unarudiwa mara 5 hadi 7 pahala pale pale.

Mwelekeo hauna mjadala. Limfu hurudi kwenye damu karibu na mitulinga, ile mifupa miwili chini ya shingo, kwa hiyo kazi huanza hapo, juu ya mitulinga, kisha pembeni mwa shingo, ndipo uso: kutoka katikati kwenda masikioni, halafu kushuka shingoni tena. Anayeanza na macho akaishia machoni ameyasukuma maji yasikokuwa na njia. Hii ndiyo njia rahisi ya kumjua aliyejifunza: mtazame anapoanzia.

Mafuta hayahitajiki, au ni tone tu, kwa sababu kiganja kinachoteleza hakiivuti ngozi.

Inafaa kwa uso uliovimba asubuhi baada ya kesha la harusi, kulia, safari ndefu, au chakula cha jioni chenye chumvi nyingi. Mla ng'onda, yaani samaki mkavu wa chumvi, usiku anaujua uso wake wa asubuhi. Matokeo yanaonekana, lakini ni ya saa chache, na ukirudia chumvi na kukosa usingizi uvimbe unarudi. Ngozi yenyewe hailainiki wala haisafishiki kwa huduma hii, na anayetarajia ulaini wa singo atasikitika amelipa bure.

Tahadhari zake ni nzito kuliko za hizo nyingine, na sitaki mtu azipite. Mwenye maambukizi ya ngozi au homa, mwenye moyo dhaifu, mwenye figo zinazosumbua, mwenye damu iliyoganda, na aliye kwenye matibabu ya saratani, asiguswe bila ruhusa ya daktari wake. Na kwetu visiwani kuna matende. Zanzibar ilianza mwaka 2001 kugawa dawa za ivermektini na albendazoli kwa jamii nzima ili kuukata ugonjwa wa matende na mabusha, lakini wapo wazee wetu ambao miguu yao iliharibika kabla ya hapo. Mguu wa matende ni ugonjwa wa mishipa ya limfu, na mtu akisikia "masaji ya limfu" huona dawa imepatikana. Saluni si mahali pake. Mguu huo huoshwa kila siku kwa sabuni na maji, hukaushwa vizuri mpaka baina ya vidole, huinuliwa wakati wa kukaa na kulala, na hufanyishwa mazoezi kwa maelekezo ya kituo cha afya.

Uso mzima ni dakika 20 hadi 30. Nyumbani unaweza kujifanyia toleo fupi la dakika 5 bila gharama yoyote.

Vile vijiwe na vigurudumu vya kusukumia uso vinavyouzwa siku hizi ni chombo tu. Kanuni za uzito na mwelekeo ni hizi hizi, na kisipooshwa kinahamisha uchafu kutoka uso mmoja kwenda mwingine.

Kwa hali yako

Bibi harusi mwenye ngozi nzima isiyo na chunusi: singa mwili siku tatu au nne kabla, ndipo hina. Siku ya mwisho usijaribu kitu kipya. Mpapaso wa mafuta mepesi jioni unatosha, na asubuhi ukiamka umevimba macho, dakika 5 za limfu kabla ya vipodozi.

Mwenye chunusi: acha kusinga uso mpaka zitulie. Mwili unaweza kusingwa. Kwa uso, mpapaso wa limfu shingoni na pembeni mwa taya ndio salama zaidi kati ya hizi tatu, mradi mkono usipite juu ya chunusi zenyewe.

Mwenye madoa meusi usoni: chagua mkono mwepesi na upake kinga ya jua. Ukitaka liwa, ipakwe na kuoshwa kwa maji mengi, bila kusuguliwa ikikauka.

Mtu mzima mwenye ngozi kavu: mpapaso wa mafuta, khasa wakati wa kusi. Ngozi ya mzee huchubuka kirahisi, kwa hiyo singo iwe nyororo kabisa au isiwepo. Ukimpapasa bibi yako mikono na miguu kwa mafuta ya nazi jioni, umemfanyia sehemu kubwa ya kile ambacho hoteli za Nungwi zinawatoza wageni.

Bwana harusi: kusinga mwili kunamfaa kama bibi harusi. Usoni asingwe siku moja kabla ya kunyoa ndevu. Akisingwa baada ya kunyoa, vipele vya ndevu vitamtoka kwenye picha.

Anayechoka tu na anataka kutulia, bila tatizo la ngozi: mafuta, na amtafute mwenye mkono wa polepole hata kama saluni yake ni ndogo.

Mwenye mzio, au asiyejua kama anao: chochote kitakachopakwa, weka kidogo ndani ya kiwiko, subiri siku moja mpaka mbili. Ikiwasha au ikivimba, maua hayo si yako. Hapo mpapaso wa limfu usio na mafuta ndio unaobaki.

Asiye na pesa ya saluni mwezi huu: nawa mikono, kata kucha, anza juu ya mitulinga, ufuate njia ile ile ya limfu kwa mwendo wa polepole, na uso uoshe kwanza kwa sabuni isiyo kali, kama zile za mwani wanazotengeneza kina mama wa Paje, kama ngozi yako inazikubali.